Kikwembe cha Mgongo

Kule kwetu Kashuga, duka langu la vitambaa lilikuwa juu ya mlima, na halikuwa na mlango. Unapanda njia ya mashamba ya maharagwe, unafika kwenye mkaratusi ulioungua upande mmoja, unainua simu juu ya kichwa, na hapo ndipo rezo, yaani mtandao, inakuja, ikipenda. Wanaume walipanda pale kuuliza habari za vita. Mimi nilipanda kununua uzi.

Si kwamba vita sikuviogopa. Mimi ni mwoga tangu utoto. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa nimekwisha kushtuka. Lakini mshonaji asiye na uzi ni mtu aliyekaa nyuma ya chuma tu, na miaka ile uzi haukufika sokoni kwetu. Malori yalikuwa yakiogopa njia. Kwa hiyo nilijifunza kununua kwa simu, mimi niliyekuwa nimezoea kukishika kitambaa, kukivuta, kukinusa, hata kuuma uzi wake kwa meno kabla ya kusema bei.

Muuzaji wetu alikuwa mama mmoja wa Goma, watu wao wanatoka Butembo, na Butembo biashara wanazaliwa nayo. Alikuwa na kundi kwenye simu, lenye wanawake wa Masisi nzima na wengine wa Walikale. Kila asubuhi alituma picha: vikwembe, yaani vitenge kama mnavyoviita wengine, kisha uzi, zipu, vifungo, sindano za mashine. Anayetaka kitu anaandika "yangu", na kitu kimekwenda. Wa kwanza kuandika ndiye mwenyewe. Hebu fikiria sisi wa mlimani. Picha inafunguka taratibu kuanzia juu, unaona ukingo, unaona nusu ya ua, na ua linapokamilika wanawake sita wameshaandika "yangu" na mega zako za intaneti zimeisha.

Niliwahi kuagiza zipu za sketi nikapokea zipu za mabegi. Niliwahi kuona kijani, kikafika kibluu, kwa sababu simu yangu ilidondoka siku moja kwenye beseni la sabuni na tangu hapo ilikuwa na rangi zake yenyewe. Kila mara nilimtumia yule mama ujumbe wa sauti wa kumgombeza. Kikifika salama nilimgombeza pia, kwa ajili ya siku nilizosubiri. Alikuwa akicheka. "Mama mushonaji," alinijibu, "wewe unapenda kulia mbele ya kufiwa."

Basi mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, akataka kuoa.

Hatukuwa na kitu. Mbuzi wetu walikuwa wameondoka na watu wenye bunduki, tena si mara moja. Binti aliyempenda alikuwa wa familia iliyokimbia kutoka Karuba, watu wa vilima vya malisho, waliofika kwetu na masufuria mawili na mkeka. Walikaa kwa ndugu yao nyuma ya kanisa. Baba wa binti alikuwa amekwisha kufa. Mwenye neno alikuwa mama yake, mwanamke mrefu, mkimya, anayekuangalia mpaka unasahau ulichotaka kusema.

Tulikwenda kumwona, mimi, mama yangu, na baba mdogo ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu. Baba mdogo ana maneno. Alizunguka na mithali zake, akaingia mto, akatoka mto, akafika kwa mbuzi, na hapo yule mama akamkata.

"Papa, mbuzi sitake. Ningewafunga wapi?"

Akaingiza mkono kifuani, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kadi yake ya kuchagua, ile ya kupigia kura, na picha moja. Picha ilikuwa ya siku ya ubatizo. Yeye mwenyewe, bado kijana, amegeuka upande ili mtoto wa mgongoni aonekane, na mtoto amefungwa kwa kikwembe cha bluu chenye vitana vyeupe, vile vitana vya kuchania nywele, kila kimoja na meno yake, na ukingo wa rangi ya chungwa.

"Hii niliiacha Karuba," alisema. "Ilibakia ku kamba, nilikuwa nimeianika. Binti yangu njo huyu iko mu picha. Munipe hii. Ingine hapana."

Lazima nieleze. Kwetu, mama wa binti hupewa kikwembe cha mgongo. Mbuzi ni wa ukoo na pombe ni ya wazee, lakini kikwembe hicho ni chake peke yake. Ni badala ya kile ambacho binti alikikojolea alipokuwa mchanga, akakitapikia, akakichakaza kwa mwili wake. Nacho kina masharti. Kiwe kizima, hakijakatwa. Kiwe na karatasi yake ya kiwandani. Kisiwe kimefungwa na mwanamke mwingine hata mara moja, maana ukimpa mama kikwembe kilichokwisha kubeba mtoto wa mwingine, umemwambia kwamba mwanawe ni wa kuokota. Nimeona kwa macho yangu ndoa ikivunjika kwa kosa hilo, na watu wakirudi nyumbani na mikungu yao ya ndizi kichwani, hawasalimii mtu njiani.

Na kulikuwa na haraka. Wajomba wa binti walikuwa wameamua kwamba mwezi ukiisha wataingia Walikale, kwenye msitu, ambako waliona vita vitachelewa kuwafuata. Wangekwenda na kila mtu wao. Kikwembe kikitolewa, binti anabaki kwetu, ni mke. Kisipotolewa anakwenda nao, na nani aliwahi kutoka Walikale kwa miguu kuja kuolewa Kashuga? Mdogo wangu aliacha kula. Alikuwa akikaa kwenye benchi langu la kushonea, ananiangalia nikishona, haniulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Mama aliniambia, "Wewe njo unajua simu. Tafuta."

Niliipiga picha ile picha. Niliituma Goma, nikaandika: natafuta hii, bluu, vitana, nzima. Yule mama wa Goma alisikiliza, hakucheka safari hii. "Mushonaji, hii ya zamani. Haitokake tena." Hata hivyo akaisukuma kwenye makundi mengine, Butembo, Beni, kwa wauzaji anaowajua na wasiomjua. Mimi nikaanza kupanda mlima mara tatu kwa siku.

Majibu yalikuja. Vitana, lakini juu ya nyekundu. Bluu, lakini funguo badala ya vitana. Bluu, nyeupe, ukingo wa chungwa, roho inaruka, picha inashuka polepole, kumbe ni samaki. Kulikuwa na mwanamke aliyenitumia picha ya kitana chenyewe, cha plastiki, akauliza nataka vingapi. Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa. Magoti yaliniuma, na mashine yangu ilikaa imefunikwa siku nzima huku wateja wakinung'unika. Usingizini nilihesabu meno ya vitana.

Siku ya tisa picha ikafunguka: bluu. Ukingo wa chungwa. Nyeupe. Meno. Nilikaa chini kwenye majani. Ilikuwa Sake, kwa mzee mmoja mfanyabiashara, naye mtu wa upande wa Butembo, ambaye alikuwa akifunga vitu vyake ili aondoke akakikuta chini ya sanduku la vitambaa vya zamani, kimekunjwa, karatasi yake juu. Niliandika "yangu" mara tatu, ingawa hakuna mtu mwingine duniani aliyekitaka.

Sasa kukifikisha. Sake si mbali ukiitazama kwenye karatasi. Lakini siku zile mizinga ilikuwa imesogea karibu nayo, na barabara ya kutoka pale mpaka Mweso, karibu na kwetu, ilikuwa na bariere, vizuizi vya wenye bunduki, nyingi kuliko madaraja, kila moja na wenyewe. Mizigo ilibebwa na moto, yaani pikipiki. Ujumbe wa sauti wa yule mama wa Goma ulikuwa na kelele za watu nyuma yake.

"Mushonaji, nisikilize. Ma-moto wanakataa. Kikwembe mupya mu karatasi, ku bariere wanaikamata, watasema ni ya biashara. Lakini kuko mwanamuke moja anatoka Sake kesho asubuhi, anaenda kwa bakwe yake upande wa Mweso. Iko na mutoto mudogo. Nimuambie abebe mutoto nayo? Ya mugongoni hawaikamatake."

Niliusikiliza mara mbili. Masharti niliyajua, nimeyajua tangu nikiwa msichana. Nilisimama pale chini ya mkaratusi nikafikiri kwa akili ya fundi: mkunjo unarudishwa na pasi. Karatasi inarudishwa na gundi ya uji wa muhogo. Kikwembe kilichofungwa siku moja au mbili, nikikipata mikononi mwangu, hakuna mwanamke atakayekitofautisha na kipya. Yule mama wa binti asingejua. Hilo ndilo nililojiambia, kwa maneno hayo hayo: asingejua.

Nikajibu kwa sauti. Nakumbuka kila neno, maana niliusikiliza tena ujumbe wangu baadaye, zaidi ya mara nilizousikiliza wake.

"Abebe. Lakini umuambie hivi: ile iko kikwembe ya watu. Asiikate, asiilalie. Akifika Mweso, amufungue mutoto, amupe mutu wangu wa moto, palepale. Akibakia nayo, tutamufuata mpaka kwa bakwe yake."

Sauti yangu ilikuwa kali. Huwa kali nikiogopa. Wanaonijua wanajua hivyo, lakini yule mwanamke hakunijua.

Mtu wangu wa moto alikuwa mwanakwaya mwenzangu, baba wa watoto wanne, asiye na papara. Alikwenda Mweso siku ya kwanza, akangoja kando ya soko, akarudi bure. Siku ya pili akarudi bure. Usiku wa pili tulisikia ngurumo ambazo hazikuwa za mvua, na asubuhi nilipanda mlima nikakuta wanaume wengi kuliko kawaida, wote mikono juu, hakuna anayepata rezo. Nilipoipata mchana, nilimwandikia mama wa Goma: amefika wapi? Alama moja ya kijivu. Maana yake neno lako limetoka, halijafika. Nikaandika tena. Alama moja. Nikatuma sauti. Alama moja.

Siku ya tatu watu walianza kupita njia ya chini. Walikuwa na magodoro na kuku, na mmoja na cherehani kichwani, bila meza yake. Huyo nilimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. Wajomba wa binti walikuja kwetu kusema kwamba hawawezi kusubiri mwezi uishe. Jumamosi tutoe kikwembe, Jumatatu wanaondoka. Baba mdogo akawaambia, "Mkono mtupu haulambwi, tunalijua hilo, mtaona." Aliposema mtaona aliniangalia mimi. Nilijifanya natafuta sindano.

Ijumaa, saa tisa za mchana, moto ikasimama uani.

Alikuwa nacho chini ya koti lake, amekikunja kama mkate. Alikiweka juu ya mashine yangu, akavua kofia, akanieleza huku anapangusa vumbi machoni. Kwamba Mweso nayo ilikuwa inahama. Kwamba watu walijaa barabara nzima na yeye alikuwa anataka kugeuza, ndipo mwanamke mmoja akamwita kwa jina la kijiji chetu. Alikuwa amejifunga kile kikwembe, mtoto mgongoni. Akamwuliza, wewe ndiye mutu wa mushonaji? Akasema ndiye. "Basi akamufungua mutoto palepale, katikati ya watu. Akaniwekea kikwembe ku mikono. Mutoto akamukumbatia mbele, ku kifua, akaenda na wengine."

Mimi nikauliza, "Haikupasuka?"

Akasema hapana, haikupasuka. Nikamshukuru Mungu. Nikampa chai na kiazi kitamu. Hayo ndiyo niliyouliza, na hayo ndiyo niliyofanya.

Nilipokikunjua harufu ikanipiga. Mtoto alikuwa amekojoa, tena si mara moja, na kulikuwa na maziwa yaliyorudi, yamekauka kwenye vitana viwili. Kwenye ncha moja palikuwa na fundo dogo. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na karatasi ya kiwandani, imekunjwa vizuri mara nne, kavu kabisa. Yule mwanamke alikuwa ameilinda.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ufundi wangu uliponiaibisha. Kikwembe kipya kina mng'ao, kama nta juu yake. Ukikiingiza majini mara moja mng'ao unakwenda, na mama yeyote akikigusa kwa kidole anajua kimefuliwa. Nikifua, nimeshikwa. Nisipofua, kinanuka. Na kesho ni Jumamosi. Mama yangu alisema, "Kifue tu, tutaeleza." Nikamgombeza, mama yangu mzazi. Nikafuta yale maziwa kwa kitambaa chenye unyevu, nikakianika upepo ukipitie mpaka jua likashuka, kisha nikawasha makaa, nikajaza pasi, nikakipiga pasi pande zote mbili, kwa nguvu, mpaka kikalia. Mkunjo ukarudi. Karatasi ikashika. Kikapoa. Nikanusa: karibu hakuna kitu.

Lakini mshonaji anayejua kazi anajua kwamba moto huipika harufu ndani ya pamba. Haiondoki, inalala. Ikipata joto la mikono inaamka. Nilijua. Nimewaambia wateja mara ngapi, msinipigie pasi nguo chafu. Ila siku ile hofu ilikuwa fundi kuliko mimi.

Jumamosi tulikwenda. Chumba kilikuwa kidogo, watu wengi, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Mdogo wangu alikaa karibu na ukuta na shati nililomshonea, kola imemkaba. Binti alikuwa chumba cha ndani, hatukumwona. Baba mdogo alisema yake, mama yangu akasimama, akapiga goti, akakiweka kikwembe kwenye mapaja ya yule mama. Kilikuwa kizuri. Wanawake wa upande wao waliguna kwa kukisifu. Mmoja akasema, "Ni yenyewe," na yule mama, ambaye sikuwahi kuona meno yake, karibu atabasamu. Aliigusa karatasi. Akahesabu vitana vya ukingoni kwa kidole. Kisha akakikunjua, mkunjo mmoja, wa pili, na kwa joto la chumba kile na mikono yake, kikaamka.

Kila mtu aliisikia ile harufu. Mjomba mmoja akasimama. Nilimwona mdogo wangu akifumba macho. Baba mdogo alianza, "Mama, wahenga walisema," na hakuwa na cha kuendelea nacho, mara ya kwanza maishani mwake. Yule mama alikiinua mpaka puani. Akanusa bila haraka, kama mtu anayesoma barua.

Sikungoja aulize. Nilipiga magoti nikasema yote, Sake, bariere, mwanamke, mtoto, fundo la karatasi, pasi. Nikasema kosa si la mdogo wangu, ni langu, mimi ndiye niliyekubali kibebe mtoto wa mwingine, na niliyetaka kuwadanganya. Nilikuwa nalia. Mjomba aliyesimama alisema, "Basi tumetukanwa, tuende," na yule mama akamwinulia mkono bila kumtazama.

Aliniuliza, "Ule mwanamuke alikupa kikwembe mu njia?"

"Alimpa mtu wangu. Ndiyo, Mama."

"Watu wakikimbia?"

"Ndiyo."

"Na mutoto alimubeba na nini?"

Nilikuwa nimemwuliza mtu wa moto swali moja tu, na lilikuwa la kitambaa. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilisema, "Sijui, Mama."

Alipitisha kidole juu ya vitana. Sijui alikuwa anaona nini; labda kamba yake ya Karuba. Kisha akakikunja upya kwa mikunjo yake mwenyewe, akakiweka chini ya kwapa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Binti yangu mumuchukue. Kikwembe nimepokea. Lakini hii sitaifua mpaka utaniambia ule mutoto iko wapi."

Basi ndoa ikafungwa. Jumatatu waliondoka, yeye na wajomba, kwenda Walikale, na kikwembe alikuwa nacho ndani ya mfuko, vilevile kinavyonuka. Binti alibaki kwetu. Mdogo wangu alirudia kula. Watu walinipongeza, wakasema simu yangu imeleta mke, na mimi nilipanda mlima.

Nilimtafuta yule mwanamke kwa njia zote nilizotafutia kikwembe. Niliandika kwenye kundi: nani anamjua mwanamke aliyetoka Sake siku ile, na mtoto mchanga, anakwenda kwa wakwe zake upande wa Mweso? Jina sikuwa nalo. Sikuwa nimeliuliza. Wanawake walewale walionitafutia vitana walinijibu kwa upole: dada, wako wengi. Mama wa Goma alama yake ilibaki moja. Mtu wa moto alirudi Mweso nilipomsumbua, akauliza sokoni, akauliza kanisani. Alikuta watu wapya, nao walikuwa wakiulizana habari za watu wao wenyewe.

Na yule mama, huko Walikale, kila alipopata rezo alinipigia. Hakuwa na salamu nyingi. "Mushonaji. Umejua?" Nami ninasema bado, Mama. "Sawa." Anakata. Wiki baada ya wiki. Nilianza kuiogopa namba yake kuliko nilivyoogopa mizinga. Nilimkasirikia pia, nasema kweli. Nilisema moyoni, ana nini mwanamke huyu, hajui kwamba watu wanakufa kila siku, mbona hataki kuniacha?

Siku moja alipiga akasema, "Binti ameniambia iko na mimba. Mutoto akizaliwa, nitamubeba na nini? Na hii inayonuka?" Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza tu. Na mimi, pale chini ya mkaratusi, nikiwa nimechoka mpaka mifupani, nikasema, "Mama, nimejua. Nimempata."

Nikadhani rezo imekatika.

"Iko muzima?"

"Mzima. Ni msichana. Mama yake alipata kikwembe kingine njiani, mwanamke mmoja alimpa. Wako kwa wakwe. Ameanza kukaa."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka yamekwisha kushonwa. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akacheka kidogo. "Aksanti, binti yangu," alisema. "Basi leo nitaifua."

Kashuga nayo ilihama, na sisi tukaingia Walikale kwa miguu, siku nyingi, mashine nimeiacha kwa padri. Mke wa mdogo wangu alijifungua siku nne baada ya kufika, msichana, chini ya turubai. Yule mama alikuja asubuhi ile ile. Alimchukua mtoto, akainama, akamweka mgongoni, akakizungusha kikwembe cha bluu na kukifunga kifuani kwa fundo moja, jinsi alivyokuwa kwenye ile picha. Kilikuwa safi, mng'ao umekwenda, kinanukia sabuni. Akanishika mkono mbele ya wote. "Uyu njo alikitafuta," aliwaambia. "Hata ule mutoto mwingine alimutafuta mpaka akamuona."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi naona ni ndefu, bado naitembea. Siku hizi nina simu nyingine, rangi zake ni sahihi, na pale tunapokaa rezo inakuja hata ukiwa umeketi. Nanunua uzi, vifungo, zipu, sikosei tena. Lakini mwanamke akipita njiani amembeba mtoto wa umri ule, mimi naangalia kwanza kikwembe, kisha najilazimisha nimwangalie mtoto. Na jioni nafungua ule ujumbe wangu wa zamani kwa mama wa Goma, ule niliouliza amefika wapi. Alama bado ni moja.